Pombe ya Myriam na Tairi Lililokataa Kukaa

Pale Bihambwe watu humjua Straton Sebarenzi kwa msonyo wake kabla ya kumjua kwa ufundi wake. Ukishuka barabara na baiskeli inayolia, msonyo huo utakufikia ukiwa bado mbali, mrefu, wa kutoka katikati ya meno, nawe utajua kwamba fundi amekwisha kuiona baiskeli yako, amekwisha kukuona na wewe uliyeipanda, na hakuna hata mmoja wenu aliyempendeza.

Alidharau vingi, na alidharau kwa bidii, kama wengine wanavyolima. Alidharau pikipiki, ambazo kwake zilikuwa baiskeli za watu wenye magoti ya uji. Alidharau matairi ya siku hizi. Alimdharau katekista kwa sababu aliimba puani, na wakulima wenzake kwa sababu walipakia magunia ya mihogo juu ya baiskeli moja kisha wakaja kumuuliza kwa nini spoku zimekatika. Zaidi ya wote aliwadharau watu wa Mubi, kule Walikale, mji wa barabara ya msituni ambako, kwa maneno yake, mtu mzima huacha jembe la baba yake ili akauzie wachimba mashimo betri na sigara. Yeye mwenyewe alikuwa na shamba la maharage mgongoni mwa kilima. Alilidharau hilo pia, lakini alilipalilia.

Mkewe Mukasine ndiye pekee aliyejua dawa yake. Alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, kisha akimuuliza kwa upole kama amemaliza. Mukasine alipofariki hakubaki mtu wa kumuuliza, na Straton hakumaliza tena.

Kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Gurudumu lililopinda aliliona kwa jicho moja akiwa ameketi, na tairi alilipachika kwenye rimu kwa vidole gumba vyake tu, vikavu, bila chuma na bila maji. Mafundi wengine hupaka ukingo wa tairi maji ya sabuni ili uteleze na kukaa sawasawa, na hilo pia lilikuwa kwenye dharau zake. Sabuni, alisema, ni ya nguo na ya watoto wachafu. Fundi anayeomba sabuni ili tairi limwonee huruma aende akafue.

Mdomo huo ulikuwa umekwisha kumgharimu mtoto mmoja. Binti yake mkubwa, Astrid, alipochumbiwa na kijana mchuuzi, wazee wa kijana walileta pombe, na Straton akakataa hata isishushwe kutoka kwenye baiskeli. Alisema imenuka maji ya kuoshea miguu, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani. Kabla kilima hakijapata jua asubuhi iliyofuata, Astrid alikuwa njiani kwenda Hombo na mchuuzi wake, bila pombe wala baraka. Na katika ukoo wa akina Sebarenzi binti aliyeondoka bila pombe hakanyagi tena ua wa baba yake mpaka mume alete ile pombe. Mume akaapa kwamba miguu yake haitanuka pale mara ya pili. Hivyo Straton ana wajukuu huko Hombo, na habari zao huzipata kwa wapita njia, tena kwa kujifanya hasikilizi.

Sasa ilikuwa zamu ya Myriam, mtoto wa mwisho, aliyebaki naye nyumbani. Mchumba wake aliitwa Prince Gisubizo. Jina lenyewe lilimtosha Straton kwa kicheko cha wiki nzima, kwa maana alitaka kuonyeshwa huo ufalme uko kilima gani. Wazazi wa kijana walikuwa wakulima wa ng'ambo ya bonde, watu wa maharage kama yeye, lakini kijana mwenyewe, mtakatifu asaidie, alikuwa na kibanda cha duka huko Mubi.

Myriam hakulia wala hakubembeleza. Alimwekea baba yake bugali na sombe la majani ya mihogo, akakaa chini mbele yake.

"Papa," akasema, "pombe ya Prince itakuya siku ya posho. Utaikunywa ao hautaikunywa, miye niko naenda. Ukiikunywa, nitakuya kukusalimia kila Noeli, na batoto batakujua. Ukiikataa, utanisikia kwa bapita-njia, kama vile unamusikia Astrid."

Straton akasonya, akaendelea kula. Lakini alimega bugali kavu mpaka mwisho, sombe akalisahau. Aliogopa. Hakuna aliyewahi kumwona akiogopa, kwa hiyo hakuna aliyejua sura yake inakuwaje wakati huo, na alipata nafasi ya kuogopa kwa starehe.

Jumamosi, ile siku ya posho, ilipofika, baba mwenye akili angebaki nyumbani, aoge, avae koti. Yeye alikwenda kazini kama kawaida. Hawezi, alisema, kupoteza siku kwa ajili ya mwuza betri. Kaka yake Jean-Bosco, aliyekuwa msemaji wa ukoo, alimkumbusha kwamba wazee wataketi mchana, na kivuli cha kilima kikigusa ua kabla pombe haijafika, watainuka waende zao, na maneno ya mwaka huo yatakuwa yamekufa. Straton akajibu kwamba kivuli anakijua, amezaliwa chini yake.

Basi alikuwa ameketi kwenye benchi lake kando ya barabara, karibu na Mama Fifi mkaanga maandazi, alipomwona kijana mmoja akishuka mteremko huku akisukuma baiskeli. Nyuma zilifungwa jerikani mbili za manjano. Gurudumu la nyuma lilikuwa likiruka. Kila likizunguka mara moja, baiskeli nzima ilipanda na kushuka, na jerikani zikapanda na kushuka pamoja nayo. Straton akasonya msonyo wake mrefu kuliko yote ya wiki hiyo, kisha akaukatiza katikati. Alikuwa amemtambua mwenye baiskeli.

Prince naye alimtambua. Akasimama mbali, akavua kofia, akatazama mawe.

Hapo inafaa kusema jambo lingine la ukoo huo. Kabla pombe haijapokelewa, mchumba na baba wa binti hawasemezani. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupita juu na mwingine chini, na ikiwa lazima neno lifike, hupitia kwa mtu wa tatu. Ni desturi nzuri, imeokoa meno ya wengi. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya gurudumu bovu, na karibu hapakuwa na fundi mwingine.

"Mama Fifi," Straton akasema, akilitazama kaango la maandazi, "ule muntu anatafuta nini?"

Mama Fifi alikuwa mwanamke mpana, mwenye subira ya mtu anayeshinda mbele ya mafuta ya moto. Alielewa mara moja ametiwa kwenye jambo gani, na alifurahi sana.

"Kaka, Papa Straton anauliza unatafuta nini."

"Mama, mwambie Papa kwamba mupira ilitoboka kule juu," kijana akaliambia jiwe. "Niliiziba miye mwenyewe, kiisha nikarudisha pineu ku rimu. Lakini haikae muzuri. Kinga inarukaruka. Bazee bangu balishapita na njia ya muguu, banafika sasa. Niko na pombe yote."

"Mwambie kwamba muntu anayeziba mupira mwenyewe anapashwa kutembea kwa muguu mwenyewe."

"Anasema leta kinga," akasema Mama Fifi, akiionyesha baiskeli kwa kidole.

Wakazishusha jerikani, wakaziweka kwenye ukingo wa barabara, juani, maana kivuli chote kilichokuwepo Straton alikuwa amekikalia. Baiskeli ikapinduliwa. Straton akalizungusha gurudumu, akaangalia ule mstari mwembamba unaozunguka tairi juu kidogo ya rimu. Tairi likiwa limekaa vizuri, mstari hupita sawasawa duara zima. Huu ulikuwa ukienda vizuri, kisha karibu na valvu ukapanda, kisha upande wa pili ukazama kabisa ndani ya rimu.

Akatoa upepo. Akabonyeza vidole gumba karibu na valvu, na pale pale akaona mpira wa ndani umebanwa chini ya ukingo wa tairi. Ni kosa la kitoto. Unapopachika tairi, kwanza unaisukuma valvu juu, mpira unapanda, ndipo tairi linashuka mahali pake.

"Mama Fifi, mwambie kule Mubi bakimuzika muntu, bahakikishe miguu imeingia yote ndani ya shimo."

Mama Fifi alifikiri kidogo. "Anasema valvu ilibana," akatafsiri.

Straton akaisukuma valvu, akapachika tena, akapampu. Mstari ukakaa vizuri karibu na valvu. Upande wa pili ulibaki umezama vilevile, na gurudumu likaruka vilevile.

Akatoa upepo tena, akautoa na mpira wa ndani, akakuta kiraka cha kijana. Kilikuwa viraka viwili, kimoja juu ya kingine, na cha juu kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye ndala. Straton alikishika kwa ncha za vidole, akakiinua juani kwa muda mrefu, hata wapita njia wawili wakasimama kukitazama. Prince aliinamisha kichwa zaidi, na masikio yake yalikuwa yamewaka. Fundi akakibandua, akaweka kiraka chembamba chake mwenyewe, akarudisha kila kitu, akapampu. Gurudumu likaruka.

Akafikiri ni kutu. Akaikwangua rimu kwa kisu duara zima, akaipangusa kwa kitambaa. Akalibonyeza tairi, akalivuta, akalikanda pale lilipozama. Akapampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lilikuwa tairi jipya, la Mubi, gumu, kavu, lenye ukingo mkaidi uliong'ang'ania rimu na kukataa kupanda. Vidole gumba vilivyosifiwa miaka yote havikulisogeza hata unywele.

"Papa Straton," Mama Fifi akasema taratibu, "niko na maji ya sabuni hapa. Ya kunawa."

"Basi nawa."

"Ni kidogo tu, ku ile fasi pineu inazama."

"Mama, weye unapika beignets. Miye nilishakuambia namna ya kupika beignets?"

Kwa kweli alikuwa amemwambia, mara nyingi, lakini Mama Fifi hakuona sababu ya kumkumbusha siku hiyo. Akageukia kaango lake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa kilima. Straton akaketi, akajipangusa uso, na wazo tamu sana likamjia. Aliacha likae. Hakuwa na haja ya kumkataa mtu yeyote. Angesema tu kwamba gurudumu limeshindikana, kijana angesukuma baiskeli yake polepole kupanda kilima, kivuli kingefika kabla yake, wazee wangeinuka. Hakuna ambaye angeweza kusema Straton Sebarenzi amevunja uchumba. Tairi ndilo lingekuwa limevunja, tena tairi la Mubi. Alilionja wazo hilo na kuona halina doa. Kisha akakumbuka Myriam akiwa amekaa chini mbele yake na kusema, kama vile unamusikia Astrid, na utamu wote ukamtoka mdomoni. Mtoto yule hatishi bure. Angekwenda. Mbaya zaidi, angekwenda bila kupiga kelele, kama mama yake alivyokuwa akifanya kila kitu.

Na juu ya hayo lilikuwepo tairi lenyewe, limekaa pale limepinda, likimdharau. Yeye alikuwa mtu wa kudharau. Kudharauliwa hakukuzoea, na tairi la mwuza betri halikuwa mahali pa kuanzia.

Akanyanyuka kuishika pampu tena, na hapo jicho lake likaangukia jerikani.

Kasiksi, pombe ya ndizi, haifungwi kabisa. Hilo hata mbuzi wa Masisi anajua. Pombe ambayo bado inachemka huzibwa kwa jani la mgomba ili ipumue njiani. Lakini Prince, kwa kuona baiskeli inaruka na pombe inamwagika, alikuwa amekaza vifuniko vya plastiki juu ya majani, halafu juu yake akafunga vipande vya mpira, kwa nguvu za kijana mwenye mapenzi. Sasa jerikani moja, baada ya kutikiswa kilima kizima na kukaa juani, ilikuwa imevimba tumbo kama ng'ombe aliyekula mpunga mbichi. Ilikuwa inalia. Mlio mwembamba, kii, kii, wa plastiki inayotaka kufa. Prince aliiona. Alikuwa akiitazama kwa macho makubwa, mdomo wazi, lakini angewezaje kumwambia baba mkwe sogea? Mama Fifi alikuwa amewapa mgongo.

Watu wenye akili wangeanza kupiga kelele au kukimbia. Straton alifanya alichokuwa amefanya maisha yake yote mbele ya ujinga wa mwingine: alikasirika, akaenda kuurekebisha. Akaikamata jerikani, akakata vile vipande vya mpira kwa kisu, akakizungusha kifuniko.

Pombe ikatoka kwa mshindo. Ilimpiga kidevuni, ikampanda kichwani, ikamwagikia baiskeli iliyopinduliwa, ikalilowesha gurudumu zima, ikateremka ikitoa povu mpaka barabarani. Ilipotulia, Straton alikuwa amesimama na kifuniko mkononi, akidondoka, na harufu ya sherehe ilikuwa imejaa Bihambwe nzima.

Wote watatu walijua ni nini kilichotokea. Pombe ya kuomba binti hufunguliwa na mkono mmoja tu duniani, mkono wa baba yake, na mkono huo ukifungua umekubali. Hakuna jerikani inayofungwa tena na kurudishwa. Ndiyo maana akina baba wagumu hukaa nayo mbele yao mchana kutwa bila kuigusa, na akina mama huwachungulia mlangoni. Na Straton Sebarenzi alikuwa ameifungua barabarani, bila koti, mbele ya kaango la maandazi.

Alisimama. Kisha, kwa kuwa mikono yake haikujua jambo lingine la kufanya, alichuchumaa akashika pampu. Akapampu, mara kadhaa tu. Tairi lililokuwa limeloa povu likateleza. Likatoa mlio, pa, kisha pa nyingine ndogo upande wa pili, likakaa. Akalizungusha gurudumu. Ule mstari ukapita juu ya rimu sawasawa, duara zima, bila kupanda wala kuzama. Alilitazama likizunguka mpaka liliposimama lenyewe, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona kazi nzuri iliyomchukiza kiasi hicho.

"Papa," sauti ikasema.

Alikuwa Prince, na alikuwa amesema naye moja kwa moja.

"Papa, miye sikuona kitu. Mama Fifi naye hakuona. Nitasema kifuniko kilipasuka mu njia. Sitaki unipe Myriam ju ya bahati mbaya."

Straton aligeuka, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alitafuta pa kumdharau. Palikuwepo pengi, kuanzia viatu vyake mpaka kile kiraka cha ndala, lakini jicho lilikuwa likiteleza na kurudi palepale, kwenye uso wa kijana aliyekuwa ameshika ushindi mkononi na sasa alikuwa anaurudisha.

"Mama Fifi," akasema mwishowe, kwa ukali, "mwambie ule muntu aondoe vifuniko, atie jani mupya ya mugomba ku ile ilimwagika, apakie, aende. Bazee banangoya. Na asiniongeleshe."

Alinawa kwa maji ya Mama Fifi, yale yale ya sabuni, akapanda kilima kwa njia ya mkato. Hakufika mapema zaidi ya kijana, maana gurudumu lilikuwa linakimbia vizuri sana. Alipoingia uani, wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuketi, jerikani mbili zimewekwa katikati, na kivuli cha kilima kilikuwa kwenye migomba, karibu kabisa na ua. Straton akavaa koti, akakaa kwenye kiti chake. Tangu hapo mdomo wake ulifungwa na desturi. Siku hiyo baba hasemi. Kaka yake husema, naye hukaa kama nguzo.

Jean-Bosco alikuwa akiifurahia kazi yake. Alisema hawajui wageni hawa wanatafuta nini, kwamba nyumba hii haina binti, kwamba kama walipotea njia wataonyeshwa. Wazee wa Prince wakajibu kwa adabu inayotakiwa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jean-Bosco alipoinama juu ya jerikani ili aisifu, akaona moja ina nusu tu, na jani lake ni bichi, limetoka kukatwa.

Sauti ya mchezo ikamtoka.

"Hii ilifunguliwa," akasema. "Nani aliifungua?"

Mjomba wa Prince hakujua. Aligeuka kumtazama kijana, na wote wakageuka. Pombe iliyofunguliwa na mkono mwingine njiani si pombe ya kuomba, ni mabaki. Kuleta mabaki mbele ya baba wa binti ni tusi, na tusi la namna hiyo halina maelezo.

Prince akasimama. "Kifuniko kilipasuka mu njia, bapapa. Kosa iko yangu."

"Ilipasuka, basi tusipoteze siku ya bantu," Jean-Bosco akasema, na kwa huzuni ya kweli akashika fimbo yake ili ainuke. Wazee wengine wakaanza kukusanya kofia.

Straton alikuwa ameketi. Hakutakiwa kufanya lolote. Kimya ndicho kilichokuwa wajibu wake, na kimya kingemaliza kila kitu kwa heshima: kijana amekosa, kijana mwenyewe amekiri, mbele ya watu wote. Hata Myriam asingeweza kumlaumu. Lakini chini ya pazia la mlango aliona miguu ya Myriam, aliyekuwa amesimama upande wa pili akisikiliza, miguu mitupu iliyopakwa mafuta kwa ajili ya siku hiyo. Aliona inageuka kurudi ndani, polepole, kama mtu anayekwenda kuchukua vitu vyake.

"Kaa, kaka," akasema.

Ua mzima ukamgeukia. Baba alikuwa amesema. Jean-Bosco alibaki nusu amesimama, nusu ameketi, kama mtu aliyeshikwa na kiuno.

"Ule mutoto anadanganya," Straton akasema. "Anadanganya vibaya, sawa vile anaziba mupira vibaya. Kifuniko hakikupasuka. Aliikaza kama mupumbafu, na pineu yake haikukaa, na kiraka alikata ku sapatu. Kila kitu alifanya, alifanya mubaya. Lakini ile pombe, njo miye niliifungua. Kwa mukono yangu, ku barabara."

Mzee mmoja wa upande wa Prince alikohoa. Jean-Bosco, ambaye alikuwa amemfahamu ndugu yake tangu wakiwa wanachunga mbuzi pamoja, akarudi kukaa, akaegemea fimbo, akauliza swali ambalo msemaji wa ukoo analazimika kuuliza.

"Uliifungua kwa kupenda, Straton, ao ilikuwa bahati mbaya?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Neno moja, bahati mbaya, na angekuwa huru, tena kwa kusema kweli. Straton alitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa inanata. Alimtazama yule mwuza betri wa Mubi, aliyekuwa ametazama chini akingoja kuhukumiwa. Akabeua mdomo.

"Miaka yote hii niko natengeneza makinga ya bantu hapa Bihambwe," akasema. "Ulishasikia mukono yangu inafanya kitu kwa bahati mbaya?"

Jean-Bosco akanyoosha mkono aletewe kikombe. Kivuli kilikuwa kimegusa ua, lakini hakuna aliyekitazama tena. Straton alipewa wa kwanza, kama inavyopaswa, akanywa, akasema kwamba ni chachu, akanywa yote. Ndani ya nyumba Myriam alikuwa analia, na shangazi zake walimwacha alie.